Baba Mdogo wa Kuazima

Ukitaka kumzeesha kijana jukwaani, usianze na nywele. Kila anayeingia kazi hii hukimbilia poda nyeupe, anampaka mtu kichwani mpaka anafanana na mtu aliyetoka posho mill kusaga unga. Anza na mfuko wa koti. Mzee ana mfuko mmoja uliolegea, ule wa miwani, kitambulisho, dawa na barua asiyotaka mtu aione. Tia jiwe dogo mfukoni, ulitundike koti wiki nzima. Kisha viatu. Mzee akienda mahali pa heshima hupaka viatu rangi kupita kiasi, lakini kisigino hukisahau, kwa sababu mgongo haumruhusu kukiona.

Nawaandikia nyinyi mliochukua chumba cha mavazi baada yangu, na wengine watakaokuja baada yenu. Mliniomba niweke kazi kwenye karatasi. Mimi shule niliachia darasa la saba, na sina hakika kama haya yatawafaa. Nilikuwa na tabia ya kuandika daftari kila nikirudi nyumbani, mtaa wa Satellite, lakini daftari lenyewe linanichanganya, maana mahali pengi nimeandika jambo na chini yake nikaandika "au si hivyo". Chukueni mnachoweza kutumia.

Jina langu ni Njoroge. Nilikuwa fundi cherehani wa veranda pale mjini Nairobi, nashona zipu za suruali na kupunguza sketi. Siku moja akaja mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, akanipa kanzu ya mfalme iliyopasuka kwapani, akasema anaihitaji kabla ya saa nane. Huyo alikuwa Mama Rispa, mtunza mavazi wa ukumbi wa maigizo. Nilipomrudishia aliinusa kwanza, ndipo akaitazama. Baadaye alinifundisha hivyo hivyo. Nguo yoyote ikitoka mwilini mwa mwigizaji, inuse kabla ya kuitundika. "Mtu akivaa jasho la jana," alisema, "anafikiria jasho, hafikirii maneno yake." Pia alinifundisha kuandika jina la mtu ndani ya kola kwa uzi, si kwa kalamu, na kutoamini mkanda ule wa kunata ulioletwa badala ya vifungo. Kweli unaokoa dakika. Lakini siku moja bibi arusi alikuwa anakata roho jukwaani, kimya kimetanda, na wenzake walipomvua joho mkanda ukatoa sauti kama mtu anayechana gunia. Wanafunzi waliokuja kutazama walicheka mpaka maiti ikacheka.

Makosa yangu mwenyewe ni mengi. Mwaka wangu wa kwanza nilishona suruali ya jemadari kwa uzi wa bei ndogo. Ikapasuka nyuma katikati ya onyesho, mbele ya shule nne. Yule mwigizaji alimaliza tamthilia nzima akiwa ameegemea ukuta, akizunguka pembeni kama kaa. Mwalimu mmoja alikuja nyuma akatushukuru, akasema hajawahi kuona upweke wa jemadari mgeni ukionyeshwa vizuri namna ile. Nilitaka kumwambia ukweli. Mama Rispa akanikanyaga mguu.

Sasa nafika kwenye lile ninalotaka kusema, na naogopa nitalisema vibaya.

Tamthilia tuliyoicheza mara nyingi kuliko zote ilikuwa ile ya majonzi, ya zamani sana, ambayo shule huisoma. Sisi wa nyuma ya pazia tuliiita Ya Mgeni. Jemadari wa kutoka mbali anaipigania nchi ya watu, na nchi inamsifu. Lakini akimpenda binti wa mwenyeji, baba mtu anasema huyo si wa kwetu. Wanaoana kwa siri. Kisha mtu mmoja anayeaminiwa na wote anaanza kumnong'oneza bwana uongo juu ya mkewe kidogo kidogo, mpaka bwana anamwua mke asiye na kosa. Nimeisikia mara nyingi hata siwezi kuhesabu, nikiwa nimesimama pembeni na joho mkononi. Na kila mara nilijiuliza swali la kijinga: mbona wanaojua hawasemi mapema?

Miaka yangu ya mwisho kabla sijastaafu, jemadari aliigizwa na Simiyu, kijana Mbukusu wa Bungoma, mrefu, mabega ya kuvunja mishono. Mke aliigizwa na Wairimu, Mkikuyu wa Uthiru. Yule mwongo aliigizwa na Mutiso, ambaye ni mtu mwema kuliko wote niliofanya nao kazi, wa kukupa koti lake mvua ikinyesha. Simiyu na Wairimu wakapendana kweli. Mtu wa mavazi hujua mapema. Watu wawili wakianza kutundika nguo zao za nyumbani kwenye msumari mmoja, basi.

Wairimu alipomwambia babake, Mzee Gitau alijibu kwa ufupi: "Mlete na watu wake, Jumamosi ya pili. Asipokuja na watu wake, nisimsikie tena." Mzee Gitau ana nyumba za kupanga pale Uthiru na ni mzee wa kanisa. Neno lake halirudi nyuma.

Simiyu hakuwa na baba. Mamake alimwambia kwa simu kwamba hataki kusikia habari za msichana wa huko, kwamba hao watu watamnyonya akauke, wamchukue awe wa kwao, na yeye azeeke bila mtoto. Ndugu za baba wakafuata neno la mama. Hakuna aliyekubali kuja Nairobi.

Ndipo wakafanya kosa ambalo nadhani ni waigizaji tu wanaoweza kulifanya. Mtu mwingine angeomba siku isogezwe. Hawa walikaa chumbani kwangu, katikati ya nguo, wakaona suluhisho liko ukutani limetundikwa.

"Ni siku moja tu," Mutiso alisema. "Masaa matatu. Hiyo ni fupi kuliko Ya Mgeni."

"Na wakijua?" nikauliza.

"Mzee, mimi nimedanganya watu kila wiki miaka sita. Nani amejua?"

"Hao wamekuja kudanganywa. Wamelipa kiingilio."

Wairimu akacheka, lakini macho hayakuwa ya kucheka. "Mzee Njoroge, babangu anataka tu kuona watu. Akishaona watu roho yake itatulia. Mama Simiyu tutamlainisha baadaye, polepole."

Mutiso ni Mkamba. Yeye angekuwa baba mkubwa na msemaji. Baba mdogo angekuwa askari wa ukumbi wetu, Mzee Wekesa, Mbukusu halisi, ili likitokea neno la kikwao awepo wa kulijibu. Wamama, tungesema, watakuja siku ya pili. Nilimshonea Mzee Wekesa koti la kijivu. Nikalitia jiwe mfukoni. Sitaki mdhani mimi nilikuwa nje ya jambo hili. Nililifanya kwa bidii, na nilifurahi lilivyokaa.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee Wekesa akakataa. Alisimama mlangoni amevaa sare yake ya ulinzi, akasema amefikiria, na huwezi kukaa mbele ya wazee ukajiita baba wa mtoto ambaye si wako, inaweza kumdhuru mtoto mwenyewe. Hakuwa na hasira. Aliomba msamaha akarudi getini.

Wote wakanitazama. Nilijua kabla hawajasema.

"Mimi ni Mkikuyu," nikasema.

"Tunajua," Mutiso akasema. "Jaribu koti."

Koti likanitosha. Mpaka leo najiuliza kama nilimpima Mzee Wekesa vizuri, au mkono wangu ulikuwa unanipima mimi.

"Utakuwa kiziwi," Mutiso akasema. "Husikii, kwa hivyo huongei. Unaketi, unakunywa chai, unaitikia kwa kichwa nikikugusa goti. Jina ni Wanjala. Mzee, hii ni role rahisi kabisa, hata maneno haina."

Kutoka Satellite hadi Uthiru si safari ya kuvuka bahari. Niliogopa nitapatana na mtu ninayemjua, nikavaa miwani mizito ya sanduku la vifaa vya jukwaani, ambayo ilifanya kila mtu aonekane ana vichwa viwili.

Walitupokea vizuri, lazima niseme hivyo. Sebule ilikuwa imepangwa viti, vitambaa vyeupe kwenye kila mgongo wa kiti. Mzee Gitau aliketi katikati, mtu mfupi, mikono minene. Kulia kwake alikaa ndugu yake mdogo, Kariuki, na wazee wawili wa kanisa. Wairimu alileta chai na kurudi jikoni kwa mamake bila kututazama. Mutiso akaanza. Sijawahi kumwona akiwa mzuri hivyo. Alizunguka kwa adabu, akasema tumepita njia hii tukaona ua zuri ndani ya boma, tukauliza ni la nani. Wazee wakacheka. Wakamwuliza kama hatujapotea njia. Akasema tumepotea, lakini tumependa mahali tulipopotelea.

Desturi ni kwamba wenyeji wakitaka kushauriana hutoka nje au huingia chumba kingine. Lakini hawa waliona wageni wawili hawajui Kikuyu na wa tatu ni kiziwi, kwa hivyo hawakujisumbua kusimama. Waliongea Kikuyu hapo hapo, mbele yetu, wakiwa wanatutabasamia.

Nilisikia yote.

Mzee mmoja wa kanisa alisema hawa watu wakifiwa, matanga yao humaliza mali ya ukoo mzima. Mwingine akasema wanaume wao huoa Nairobi na kuoa tena nyumbani. Wa kwanza akasema tena, "Na huyu kiziwi, tazama anavyokula mkate, kama ana deni nao." Walicheka kwa upole. Niliendelea kula mkate. Mutiso akanigusa goti, nikaitikia kwa kichwa.

Lakini Mzee Gitau hakucheka. Ni haki niliseme hilo. Alisema, "Kijana ana adabu. Alipoingia alimwona mama yuko na sufuria, akamfungulia mlango kabla hajaketi. Mimi naona tuwape siku ya pili." Nilisikia kwa masikio yangu haya. Alikuwa amekubali, au alikuwa karibu.

Kariuki akatoa simu. Alimwonyesha ndugu yake picha, akasema kwa sauti ya huzuni, "Sikutaka kukuharibia siku. Huyu ana mke. Tazama arusi yake hii."

Simu ikapita mkono hadi mkono. Mzee wa kanisa aliyekaa karibu nami aliishika chini ya pua yangu, na mimi, kwa kuinua miwani, nikaona. Alikuwa Simiyu, suti nyeusi, na msichana kando yake ndani ya gauni jeupe la arusi.

Gauni lile nililishona mimi. Hoteli moja ndogo ya Hurlingham ilikuwa imebadilisha mapazia, nikayachukua yale ya zamani, yenye maua ya kufumwa, nikatengeneza gauni la mchezo wa kuchekesha tulioufanya mwaka mmoja kabla. Upande wa kushoto lina mstari wa manjano kutoka kiunoni hadi chini, pale jua la dirishani lilipolichoma. Nilikuwa nimeuficha kwenye mkunjo, lakini pichani mkunjo ulikuwa umefunguka. Ule mkanda wa juu wa pazia, wenye vitanzi vya kulabu, niliugeuza nikaufungia ndani ya upindo wa chini, kwa sababu una uzito na hufanya gauni lianguke vizuri. Mkikosa kitu kizito cha upindo, kumbukeni hilo.

Bango la mchezo ule lilikuwa na maandishi chini ya picha hiyo hiyo, jina la mchezo na saa za kuonyesha. Katika simu ya Kariuki picha ilikuwa imekatwa magotini. Sijui nani aliikata. Nimelifikiria sana. Jukwaani namjua mwongo, nimemshonea mfuko wake. Pale Uthiru, upande wetu tulikuwa watatu na wawili kati yetu walikuwa wamekuja na majina ya uongo. Upande wao kulikuwa na mtu mmoja aliyesema jambo lisilo kweli, na huenda aliamini ni kweli.

Mzee Gitau aliitazama picha muda mrefu. Kisha akamtazama Simiyu, na Simiyu, asiyejua kinachosemwa, akamtabasamia. Sura ya yule mzee ilijifunga. Nimeiona sura hiyo kwa jemadari mara nyingi nikiwa na joho mkononi. Alisema kwa Kikuyu, taratibu, "Waambie chai imeisha."

Nikasema, kwa Kikuyu, "Hiyo nguo ni pazia."

Sikuwa nimeamua. Maneno yalitoka tu.

Mzee wa kanisa bado alikuwa na simu mkononi. Kariuki akasema polepole, "Kiziwi amesema."

"Amesema Kikuyu," akasema yule mwingine.

Mutiso hakuelewa nilichosema, lakini aliitambua lugha. Hapo ndipo ninapomheshimu na ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu hakusita hata nusu sekunde. "Ah, wazee, tusameheane," akasema kwa Kiswahili, akicheka. "Huyu ndugu yetu alifanya kazi mashamba ya Limuru miaka mingi ujanani. Kikuyu anakijua kidogo. Masikio nayo hufunguka na kufunga, inategemea baridi."

Ulikuwa mlango mzuri. Ulikuwa wazi kabisa. Mzee Gitau akanigeukia. "Ni kweli?" aliniuliza.

Ningesema ndiyo. Ningeeleza pazia, wangeniamini, tungepewa siku ya pili. Lakini nilifikiri, nikimwambia ukweli wa gauni ndani ya uongo wa Limuru, atajuaje lipi ni lipi? Au labda sikufikiri hivyo, labda niliandika hivyo baadaye kwenye daftari. Labda nilichoka tu kuvaa ile miwani. Niliivua.

"Si kweli," nikasema kwa Kiswahili. "Naitwa Njoroge. Nyumbani ni Kiambu, na naishi Satellite. Huyu si baba mkubwa na mimi si baba mdogo. Mama ya kijana alikataa kuja. Lakini kijana hana mke. Hiyo ni picha ya mchezo, na hilo gauni ni mapazia, nililishona mimi."

Simiyu akainamisha kichwa. Jikoni kitu kilianguka.

Mzee Gitau hakupiga kelele. Alikaa na mikono yake minene magotini. "Kwa hivyo," alisema mwishowe, naye kwa Kiswahili ili wote wasikie, "mwongo anaambia mimi nisiamini uongo."

Nikaitia ile miwani mfukoni mwa koti.

"Chakula kimepikwa," akasema. "Kuleni, halafu mwende."

Tukala. Sijawahi kula chakula kirefu kama kile. Mzee wa kanisa, yule wa mkate, alinisogezea bakuli la supu bila kunitazama usoni.

Wairimu aliacha kunisemesha. Bado tulikuwa na maonyesho ya shule, kwa hivyo kila alasiri nilimfunga kamba za gauni mgongoni naye akiangalia ukuta. Siku ya tatu alisema, "Mutiso alikupa mlango, Mzee."

"Alinipa."

"Ungepita tu. Baba hamsikizi Anko Kariuki hata kidogo. Ungesema ni pazia, ungesema Limuru, angekubali. Sasa hataki hata kula meza moja na mimi."

"Labda," nikasema. "Au angejua baadaye, na iwe mbaya zaidi."

"Labda," akasema. "Vuta kamba, imelegea."

Mutiso naye alisema nilifanya sawa. Simiyu alisema hajui. Alimpigia mamake akamwambia kila kitu, watu wa kujifanya, koti, kiziwi. Mama alilia, kisha akakata simu. Niliwapima wote hawa kwa haki kadiri nilivyoweza, na kila nikimaliza kupima naona namba zimebadilika.

Kisha alasiri moja, nikiwa pembeni ya jukwaa, nikamwona Mzee Gitau amekaa kati ya wanafunzi, mstari wa tatu, kofia magotini. Alikuwa amelipa kiingilio kama watu wengine. Ya Mgeni ilikuwa imefika pale mwongo anapomwinamia jemadari sikioni. Wanafunzi wa Nairobi hawakai kimya. Msichana mmoja alisimama kwenye kiti akamwambia Simiyu, "Si umuulize bibi yako kwanza, wewe?" Ukumbi mzima ukacheka. Simiyu aliendelea na maneno yake. Mzee Gitau hakucheka. Alimtazama yule msichana mpaka akaketi.

Baada ya onyesho alikuja chumba cha mavazi. Alisimama katikati ya majoho, akasema, "Nimekuja kuona pazia."

Nikamletea. Alilipeleka dirishani, akaupitisha mkono kwenye ule mstari wa manjano. Akalipindua, akapapasa upindo, akavipata vitanzi vya kulabu. Alivishika kimoja kimoja. "Mama Wairimu ana kama haya sebuleni," alisema.

"Ni ya kawaida."

"Kariuki anasema alitumiwa ile picha ikiwa hivyo hivyo."

"Basi huenda ni kweli."

"Huenda." Alilikunja gauni vizuri kuliko nilivyotegemea, akalirudisha mezani. Kisha akasema kwa Kikuyu, "Siku ile ulisikia tulivyowasema hao watu. Yote."

"Yote."

"Na sura yako haikubadilika. Nikafikiri huyu kweli ni mwigizaji."

Jambo hili sikuwaambia mapema kwa sababu ya aibu. Nilimwambia yeye, kwa hivyo nanyi nawaambia. "Sikuwa naigiza," nikasema. "Ni maneno ya kwetu nyumbani. Wairimu aliponiambia mara ya kwanza habari za Simiyu, nilimwambia hayo hayo, hapa hapa nikimpima kiuno. Nilimwambia afikirie, hao huoa mara mbili."

Mzee Gitau alikaa kwenye kigoda changu cha kupimia viatu. Alikaa muda, mpaka Wairimu na Simiyu wakaingia kuvua nguo, wakamkuta. Wairimu alisimama mlangoni na rangi zake za kifo bado usoni. Babake alimtazama, akatazama pembeni haraka, kama mtu aliyeona kitu asichotaka kukiona mara ya pili.

"Wewe," alimwambia Simiyu. "Pigia mama yako."

Simiyu alipiga, akaiweka simu kwa sauti kubwa, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Habari ya huko, mama," Mzee Gitau alisema. "Mimi ni baba ya Wairimu. Napiga kutoka Nairobi."

Upande wa pili kuku walilia kwa mbali. Kisha sauti ya mama, bila haraka: "Baba ya Wairimu wa kweli, ama ni wale wa kujifanya?"

Sidhani kuna mtu aliwahi kumwuliza Mzee Gitau swali hilo maishani. Akamtazama bintiye, akamtazama Simiyu, kisha akanipa mimi simu.

"Mwambie," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mimi ndiye mimi."

Nikaishika simu. "Mama, habari. Naitwa Njoroge. Mimi ndiye nilikuwa baba mdogo."

"Yule kiziwi?"

"Ndiye huyo."

"Na sasa unasikia?"

"Nasikia, mama. Huyu aliyeongea ni wa kweli. Nimekaa kwake, nimekula kwake. Ni mtu wa haki."

"Njoroge. Si wewe ni wa kabila yao?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo nimwamini mtu wao kwa sababu mtu wao mwingine, mwenye alijifanya mtu wetu, amesema nimwamini."

Nilifikiri juu ya hilo. Nililigeuza huku na huku, sikuona alipokosea. "Ndiyo, mama," nikasema. "Ni hivyo tu. Sina ingine."

Wairimu alikuwa ameshika kamba za gauni lake mwenyewe, amezizungusha kwenye vidole. Kisha mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la jikoni, "Huyo mzee akija huku, hula kuku? Ama hao hula viazi tu?"

Nikageuka nimwulize, lakini alikuwa amesikia.

"Mwambie nakula," Mzee Gitau alisema, kisha akanyoosha mkono, akaichukua simu, amwambie mwenyewe.